Siku Wabuge Alipombeba Mkwewe

Wabuge amebeba kila kitu kwenye pikipiki yake. Amebeba kochi la watu watatu, mbuzi aliyemlilia sikioni kutoka Yamumbi hadi sokoni, kioo cha dirisha siku ya upepo, na bi harusi mmoja ambaye gari lake la maua lilikuwa limezama kwenye matope. Miaka tisa katika steji ya bodaboda ya Kapsoya, mjini Eldoret, hajawahi kumkataa abiria kwa sababu ya uzito, ulevi au dini. Abiria mmoja tu duniani ndiye ambaye hangeweza kumbeba, na huyo alikuwa mama wa mke wake.

Si kwamba walichukiana. Afadhali wangechukiana, wanaochukiana angalau hutazamana. Kwa Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kama moto na petroli: kila mmoja ana kazi yake, lakini usiwaweke chumba kimoja. Hawapeani mkono. Hawakai kiti kimoja. Mama Namalwa akija Kapsoya kumwona binti yake, hulala kwa jirani, Mama Chepkoech, kwa maana paa la mkwe si la kulala chini yake. Na wakiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa Nasike, mke wa Wabuge, hata kama wote watatu wamesimama hatua mbili mbili. "Nasike, mwambie mkwe mvua inakuja." "Nasike, mwambie mama nimeiona." Nasike alikuwa kama mnara wa simu kule mlimani. Siku akizima, kijiji kizima hakina mtandao.

Mpango huo uliwatosha miaka minane ya ndoa, mpaka Ijumaa ya safari.

Binti wa mwisho wa Mama Namalwa, Linah, ni muuguzi Kanada. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na madaktari walikuwa wamepanga ajifungue kwa upasuaji tarehe kumi na nne ya mwezi uliofuata. Mwenye mimba yake alikuwa ameondoka, maelezo yakabaki nyuma yanamtafuta. Linah hakuwa na mtu. Mama yake akaomba viza, barua ikaja: aende Nairobi achukuliwe alama za vidole kabla siku thelathini hazijaisha. Siku ishirini na nane zilipita kila nafasi kwenye mtandao ikiwa imejaa. Alhamisi mchana ikachomoza moja: Ijumaa, saa nane u nusu. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho. Akiikosa, ombi lingefungwa waanze upya, na mtoto hasubiri makaratasi.

Shule zilikuwa zimefungwa na mabasi ya usiku yalikuwa yamejaa mpaka kwa milango. Linah akanunua tiketi ya ndege kutoka Eldoret, ya saa nne na dakika arobaini asubuhi. Kaunta ya abiria ingefungwa saa nne kamili. Hulda, mtu wa kanisa lao anayeishi Nairobi, angempokea. Simeon, jirani mwenye teksi, aliambiwa afike saa mbili. Mama na Nasike wangekaa ndani ya gari, sanduku nyuma, na Wabuge angefuata kwa pikipiki kwa umbali wa heshima, ahakikishe wamefika, kisha aende kumsindikiza marehemu Odera.

Simeon alifika saa mbili na dakika ishirini na tano, akasema ni betri. Tangu azaliwe Simeon hajawahi kuwa na kosa lolote. Makosa yote ni ya betri.

Odera alikuwa mwanaboda wa mjini. Lori lilikuwa limemgonga Jumatatu, na asubuhi hiyo wenzake walikuwa wanautoa mwili mochari kuupeleka kwao upande wa Kisumu. Wangemsindikiza mpaka wapite Kapseret. Wabuge aliyajua hayo yote. Lakini aliyajua kwa kichwa kimoja, na safari ya mama aliijua kwa kichwa kingine, na vichwa hivyo viwili havikuwa vimesalimiana. Barabara ya kwenda Kisumu ndiyo hiyo hiyo ya uwanja wa ndege.

Saa tatu na dakika tano teksi ikafika nyuma ya msafara, ikasimama. Mbele kulikuwa na pikipiki mia tatu au zaidi, zimefungwa matawi, honi zinalia, injini zinanguruma papo hapo, na gari la maiti katikati likitembea mwendo wa mzee anayetoka kwa daktari wa meno. Hakuna anayepita maiti. Dereva wa lori la mchanga aliyejaribu alikuwa ameegesha kando, hana tena kioo cha mbele, na uso wake ulionyesha kwamba somo limeingia.

Saa tatu na robo walikuwa wamesogea urefu wa maduka matatu. Wabuge akaisogeza pikipiki hadi dirisha la Nasike, akageuza uso pembeni ili asimwone aliyeketi nyuma.

"Nasike, mwambie mama hii gari haitafika."

Mama Namalwa alikuwa amesikia kila neno. Akangoja kwa utaratibu mpaka binti yake ageuke na kusema, "Mayi, anasema gari haitafika."

"Muulize basi ni nini itafika."

Jibu lilikuwa rahisi na lilikuwa baya. Kulikuwa na njia za murram, udongo bila lami, zinazopita nyuma ya mashamba na kutokea lami mbele ya msafara, ila mvua ya jana ilikuwa imezigeuza uji. Gari halipiti, pikipiki inapita. Wabuge akaenda kutafuta mwenzake wa kumbeba mama. Akamwomba Ronnie, mwenyekiti wa steji yao, aliyekuwa amevaa utepe mweusi begani. Ronnie akamtazama kana kwamba ameombwa auze jeneza. Akamwomba mwingine, huyo hata hakuzima honi. Siku hiyo hakuna mwanaboda ambaye angemwacha Odera kwa ajili ya abiria. Kwenye barabara nzima ikabaki pikipiki moja iliyo huru, na mwenyewe ndiye mtu mmoja asiyefaa.

Nasike alipompelekea mama yake habari hizo, mama alivuta leso akaifunga upya, polepole, kama anayefunga mlango.

"Mwambie mkwe asante. Lakini mimi nimezaliwa na watu."

Simeon, ambaye si Mbukusu na hakuwa ameombwa neno, aligeuka kwenye usukani. "Mama, rubani naye amezaliwa na watu. Lakini wewe hakujui, hatakungoja."

Nje honi zilikuwa zinamlilia Odera. Nasike alitazama saa kwenye simu yake, akamtazama mama, akamtazama mumewe aliyekuwa anaangalia tairi ya mtu mwingine. Kisha akafungua mlango, akasema atakaa katikati.

Basi wakapanda hivyo: sanduku la buluu juu ya tangi, Wabuge, Nasike, halafu mama kule nyuma kabisa kwenye chuma cha mizigo, mkoba wa makaratasi ukining'inia shingoni mwake. Nasike si mwembamba, na asubuhi hiyo Wabuge alimshukuru Mungu kwa kila kilo ya ukuta huo. Wakakata kona ya kwanza wakaingia mashambani.

Njia ilikuwa ya kuteleza kama sabuni. Mara mbili Wabuge aliweka miguu yote chini, pikipiki ikitembea upande kama kaa. Kilima kidogo ambacho siku nyingine hukipanda akipiga mluzi kilimshinda. Ilibidi mama ashuke atembee kando ya ua akishikilia matawi yake, Nasike naye ashuke asukume, Wabuge avute, na dakika nane zikabaki kwenye tope hilo. Hakuna aliyelalamika, na hiyo ndiyo iliyomtisha Wabuge. Nasike hulalamika hata chumvi ikizidi kidogo. Sasa alikuwa anasukuma tu, anahema, matope mpaka kwenye kope.

Waliirudia lami saa nne kasoro dakika ishirini na mbili. Honi za msafara zilikuwa mbali nyuma kama nyuki. Mbele barabara ilikuwa nyeupe, tupu. Wabuge alipiga hesabu: dakika kumi, kumi na mbili zikizidi. Ndipo alipopinda kona akaona polisi.

Afande alikuwa mmoja, na koti la mvua, na subira nyingi. Aliinua mkono, akawazunguka akihesabu kwa kidole.

"Mmoja, wawili, watatu, na sanduku. Mnahama?"

Akasema mmoja ashuke, au wote waende naye kituoni wakaeleze huko. Nasike alijaribu kueleza hapo hapo. Alieleza Linah, upasuaji, vidole, Odera, matope, akamalizia na ukwe: kwamba akishuka yeye, hawa wawili watagusana. Afande, ambaye kwa jina lililokuwa kifuani alikuwa Mkalenjin, hakucheka. Kwao pia wakwe wana mipaka. Aliivua kofia, akakuna kichwa.

"Heshima naijua," akasema. "Lakini sheria haijaoa."

Ndiye aliyepata dawa. Alilichukua sanduku kutoka juu ya tangi, akalisimamisha katikati ya kiti kama mtu wa tatu, akalifunga kwa kamba za mpira. Mkwe huku, mama kule. Aliitazama kazi yake akaridhika nayo. Nasike alishuka, akawatazama wote wawili.

"Sasa mtaongea na nani?"

Wangemjibu kupitia kwa nani?

Wabuge alitia gia. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na sita. Kwenye kioo cha pembeni hakuona mtu, aliona buluu ya sanduku tu. Alijua mama ameshika mpini wa sanduku, na sanduku limeshikwa na mpira, na mpira ni ule ule aliofungia kochi mwaka juzi. Akajiambia aende polepole. Akatazama saa, akajiambia aongeze. Akaongeza.

Walipopita tuta la kwanza alisikia kikohozi nyuma. Akafikiri ni baridi. Baada ya mashimo mawili akasikia kikohozi kingine, kirefu kidogo, kile cha mgeni anayekohoa uani ili wenye nyumba wajue yupo. Wabuge naye, kwa adabu, akakohoa. Halafu pikipiki ikawa nyepesi, ikakimbia vizuri, akashukuru kwamba sasa ni mteremko.

Mwanamke aliyebeba mkebe wa maziwa alisimama kando ya barabara akampungia mikono yote miwili, akipiga kelele kwa Kinandi. Wabuge akampungia pia. Watu wa Kapseret wana ukarimu.

Ukarimu ule ulimsumbua. Hatua mia hivi mbele akageuka kutazama. Sanduku lilikuwepo. Nyuma ya sanduku kulikuwa na barabara.

Aligeuza pikipiki bila kuangalia kama kuna gari. Katika mwendo ule wa kurudi, Wabuge alikwisha kumzika mkwewe, alikwisha kusimama mbele ya wazee, alikwisha kumwambia Nasike kwa maneno manne tofauti, na hakuna hata moja lililofaa. Kuna neno moja, *simama*, silabi tatu, mtoto wa miaka miwili analijua. Mama Namalwa alikuwa ameteleza tangu lile tuta, inchi kwa inchi, na badala ya kumwambia mkwe wake neno hilo, alikuwa amekohoa mara mbili na kuanguka kwa heshima.

Alimkuta ameketi kwenye nyasi karibu na ng'ombe aliyefungwa kwa kamba. Leso ilikuwa imeingia matope. Kiatu kimoja kilikuwa mbali. Alikuwa hai, na hakuwa analia. Alikuwa ameinua mikono mbele ya uso wake, anaitazama.

Wabuge naye akaiona. Alikuwa amejikinga na kokoto kwa viganja. Ngozi ilikuwa imechunika kwenye ncha za vidole, mkono wa kulia zaidi, na changarawe ndogo nyeusi zilikuwa zimekaa ndani ya damu. Nairobi hawakumhitaji Mama Namalwa. Walihitaji vidole vyake kumi.

Alitazama huku na huku. Mwenye maziwa alikuwa mbali. Hapakuwa na mtu.

"Ng'ombe," akasema, "muulize mama ameumia wapi."

Ng'ombe aliendelea kutafuna. Mama Namalwa akamgeukia mnyama huyo, akamweleza kwamba mguu ni mzima, nyonga inauma lakini haijavunjika. Halafu akasema, "Mwambie arudi tu. Mwambie Linah aambiwe nilijaribu."

Saa nne kasoro dakika tisa.

Wabuge alikuwa na chupa ya maji. Aliiweka kwenye nyasi katikati yao, akarudi nyuma hatua tatu. Mama akaichukua, akaosha vidole kimoja kimoja, akizitoa kokoto kwa ukucha, meno yameumana. Wabuge alisimama akiangalia mshale wa dakika kwenye saa yake. Ulikuwa unatembea kama saa zote, na huo ndio ukatili wa saa. Kisha akafanya jambo ambalo baba yake angelikana. Alimgeukia mama mkwe wake, akamtazama usoni.

"Mama," akasema. "Linah hana mtu. Tarehe kumi na nne atapasuliwa, na akiamka hakuna wa kumshikia mtoto. Wazee wakitaka kondoo, nitapeleka kondoo. Wakitaka kunifukuza, wanifukuze. Lakini sanduku haliwezi kumshika mtu. Nishike mimi."

Hakungoja jibu, maana jibu lingemwaibisha mwenye kulitoa. Alirudisha sanduku juu ya tangi. Akapanda. Akawasha. Akatazama mbele kabisa, kama mtu anayesubiri abiria wa kawaida, na mgongo mzima ukawa unasikiliza.

Nyasi hazikusikika. Ng'ombe alipumua. Wabuge alihesabu mpaka kumi na nne, akaanza kuamini amebaki peke yake.

Pikipiki ikalala kidogo upande. Kiti kikashuka. Mikono miwili, yenye maji na damu, ikampitia kiunoni na kufungana juu ya tumbo lake.

Miaka tisa watu wamemshika kila namna: walevi, wapenzi, wanawake wa soko wenye kuku chini ya kwapa. Hakuna aliyewahi kumfanya aogope kuvuta pumzi. Aliendesha kama ambaye hajawahi kuendesha hivyo. Kila tuta alilitangaza kabla ya kulifikia: "Tuta, mama. Kona, mama. Shimo, mama." Kila alipotangaza, mikono ilikaza.

Getini walinzi hawakuruhusu pikipiki kuingia ndani. Wakakimbia, Wabuge na sanduku kichwani, mama nyuma yake kiatu kimoja mkononi, nyonga ikimvuta upande. Msichana wa kaunta alikuwa ameshaanza kukunja ile kamba ya foleni. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika mbili.

"Imefungwa," akasema, bila ubaya.

Wabuge alifungua mdomo aseme saa yao iko mbele, aseme msafara, aseme lolote. Mama Namalwa alimtangulia. Aliweka barua ya viza juu ya kaunta, na kwa sababu vidole vilikuwa bado vinatoka damu, vikaacha alama tano nyekundu pembeni mwa karatasi. Msichana akasoma tarehe. Akazitazama zile alama. Akaangalia nyuma yake kama kuna mkubwa, kisha mashine ikaanza kutoa kikaratasi.

"Kimbia, mama," akasema. "Sanduku ingia nalo huko huko."

Ndege ilipaa saa nne na dakika arobaini na saba. Wabuge aliitazama akiwa ameshika waya za ua, mpaka ikawa nukta mawinguni. Kwa Odera hakwenda. Nasike alifika kwa pikapu ya maziwa, akaona damu kwenye shati la mumewe, akalishika. Wabuge akamwambia tu kwamba mama amefika, ameumia vidole. Habari za ng'ombe akaziruka.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko barabara yote. Walikaa nyumbani Kapsoya bila kula. Kila simu ikilia Nasike aliruka, na kila mara ilikuwa ni mteja anayeuliza sare za watoto wake, ambazo Nasike alikuwa anazishona, zimefika wapi, kana kwamba kwenye dunia hii bado kuna mtu anavaa sare. Saa nane u nusu ikapita. Saa tisa ikapita. Nasike akaanza kusema kwamba alama zikikataliwa atamwambia Linah mwenyewe, kisha akasema hapana, hataweza.

Ilipita saa tisa na dakika arobaini ndipo jina la mama likaonekana kwenye simu. Nasike alisikiliza akiwa amesimama. Wabuge alisoma uso wake na hakuambulia kitu. Mashine ilikuwa imekubali vidole vinane mara moja, Nasike akarudia, kwa mazoea. Kidole cha shahada cha kulia kilikataa mara tatu, wakakipangusa kwa maji ya moto, kikakubali. Kidole gumba kilikataa kabisa. Wameandika kwamba kina jeraha, wakapiga mhuri. Wamemaliza. Barua iko kwa mkoba.

Nasike akaketi sakafuni akaanza kulia, simu bado sikioni. Halafu akasikiliza tena, akaacha kulia, akamnyooshea mumewe mkono wenye simu.

"Anakutaka wewe."

"Muulize anasemaje."

"Amesema anakutaka wewe."

Wabuge alijipangusa mikono kwenye suruali, kana kwamba simu ina macho. Akaiweka sikioni. Kulikuwa na honi za Nairobi, na sauti ya Hulda akimwambia mtu asogee, na karibu sana kulikuwa na pumzi za mama mzima aliyechoka.

"Mkwe," mama akasema, "wewe unaendesha vibaya."

"Ndio, mama."

"Viza ikitoka, nitasafiri tena kabla ya hiyo tarehe kumi na nne."

Wabuge alimtazama Nasike pale sakafuni, akaona kwamba leo hakuna wa kumtafsiria.

"Ndio, mama," akasema. "Tutaondoka hapa saa kumi na moja alfajiri."